Chumvi ya Jumwa

Je, wewe ungemnyima mgonjwa wako chumvi, ukakaribia kumuua huku ukidhani unamtunza?

Jirani yangu Jumwa, wa hapa Waa, hupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Diani. Kwa miaka mitatu alikuwa akishikwa ghafla: kichwa kinampasuka, jasho linamtiririka, moyo unamwenda mbio. Baada ya robo saa anatulia. Nyumbani walisema ni pepo, wakampigia ngoma mara mbili. Zahanati ilimpima akiwa ametulia, ikasema hana kitu. Miaka mitatu! Hakuna aliyefikiria kumpima akiwa ameshikwa.

Mwaka huu alishikwa mbele ya daktari. Presha ilikuwa 230 kwa 130. Picha ikaonyesha uvimbe wa ukubwa wa ndimu kwenye tezi ya adrenali, inayokaa juu ya figo. Tezi hiyo humwaga kemikali ya kuushtua mwili penye hatari. Uvimbe huimwaga hata mtu akiwa amekaa tu. Tiba ni kuukata. Lakini kwanza mgonjwa hupewa vidonge vya kulegeza mishipa kwa wiki mbili, pamoja na maji mengi na chumvi, ili mishipa iliyolegea ijae. Bila hivyo, uvimbe ukitolewa presha huweza kuporomoka, na mtu akafia mezani.

Kadzo, shangazi yake anayempikia, alishika neno presha tu. Akapika mchuzi chapwa siku kumi na tatu.

"Shangazi, daktari alisema nile chumvi."

"Daktari mwenyewe mtoto wa juzi! Mume wangu kafa na presha, wewe utanifundisha nini?"

Siku ya kulazwa, Jumwa aliinuka kitandani akaanguka. Daktari Mangi akauliza anakula nini.

Kadzo akajibu kwa fahari, "Chumvi haijapita kinywani mwake."

"Mama, presha hii si kama ile uijuayo. Umemkausha."

Akamweleza taratibu. Kadzo akajifunika uso kwa leso. Upasuaji ukaahirishwa wiki moja, na wiki hiyo Kadzo alimlisha supu ya samaki kwa mkono wake, akionja kila bakuli.

Upasuaji ulichukua saa nne. Asubuhi iliyofuata nilikuwepo muuguzi alipompima: 118 kwa 74. Jumwa akashuka kitandani polepole, akatembea hadi mlango wa wodi. Kadzo alimfuata nyuma, mikono ameinyoosha, bila kumgusa.