Msumari wa Anselmo

Tangu asubuhi Mzee Anselmo Quiroga alikuwa akihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Anakwenda dirishani, anarudi, anakaa, anainuka, mkongojo unagonga sakafu mpaka Redempta akahisi kichwa kinamwanga. Redempta ni Mhaya wa Bukoba, anaishi mji wa jirani wa Richfield, na kazi yake ni kumtunza mzee huyu wa Kimeksiko hapa Saint Paul, Marekani, tangu kiharusi kilipomlegeza mkono wa kushoto na kumkwamisha ulimi. Kutunza mgonjwa ni kazi. Kumtunza askari wa zamani mwenye shughuli saa nane mchana, we acha tu.

Shughuli yenyewe ni hii. Kwenye ukumbi wa maveterani, yaani askari wastaafu, zimetundikwa picha za vijana wa mtaa waliokwenda vita vya Vietnam. Ya Anselmo ipo. Ya rafiki yake Rodolfo Zamarripa haipo. Rodolfo aliuawa kulekule akiwa na sare ya Marekani mwilini, lakini alikuwa hajapata uraia, na wenye ukumbi walisema ukuta ni wa raia. Kufa aliruhusiwa, jamani; kutundikwa ndiko kulikokuwa na sheria. Anselmo amelidai jambo hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Leo wanachama wangepiga kura, naye alitakiwa kusema.

"Dawa kwanza," Redempta alimwambia, akamtia kidonge kiganjani.

"Inanisinzisha."

Mzee alikikodolea macho tu. Uchovu ukamponyoka Redempta kwa Kiswahili: "Meza, basi. Meza."

Anselmo akanyoosha mkono, akakiweka kidonge mezani, kwa utii kabisa.

"Nimesema meza," Redempta alirudia.

"Mesa," mzee alijibu, akiigonga meza kwa kidole. "Hii hapa. Nimeweka."

Redempta alipong'amua kwamba kwa Kihispania nako "mesa" ni meza, alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee naye alicheka, halafu kicheko kikamkatika. Akaanza kusimulia, neno mojamoja. Kabla ya kupelekwa vitani, yeye na Rodolfo waliingia kula kwenye mji mmoja wa Texas, wamevaa sare. Mwenye mkahawa akawaona ni Wameksiko, akawaambia hakuna meza, na meza zilikuwa tupu. Rodolfo akavuta kiti, akakaa. Anselmo akakaa pia. Polisi ndio waliokuja kuwatoa.

"Mimi nilitetemeka," alisema. "Yeye aliomba chumvi."

"Kaseme hayohayo," Redempta alimwambia. Roho ilikuwa inamuuma.

Ukumbini hakuyasema. Alisimama na picha ya Rodolfo kwapani, akafungua kinywa, ulimi ukagoma. Watu wakaanza kutazama saa. Mwenyekiti, kwa upole wa mtu anayetaka kwenda zake nyumbani, akaitisha kura. Mikono ikainuka, ukuta ukabaki wa raia.

Redempta, kiti cha nyuma, alichemka kwa hasira. Lakini ofisi yake ilishamwonya: mambo ya wateja si yako. Tena yeye mwenyewe ana kibali cha kuishi tu, na siku hizi mlango ukigongwa moyo unamruka kwa hofu ya watu wa uhamiaji. Funga mdomo, mwanamke, alijiambia.

Anselmo hakurudi kukaa. Alijikokota mpaka ukutani, akaishusha picha yake mwenyewe, akaiegemeza chini. Kisha akajaribu kuinua ya Rodolfo. Fremu ilikuwa nzito, ilitaka mikono miwili, naye alikuwa na mmoja. Ikamshinda, akajaribu tena, ikamshinda.

"Mama," mwenyekiti alimwita Redempta, "mwambie mgonjwa wako akae."

Redempta akainuka. Alipita katikati ya viti, akaishika fremu upande wa kushoto, wakaitundika pamoja kwenye msumari wa Anselmo. Halafu akageuka, akawatazama wote.

"Na mimi si raia," alisema. "Aje anayetaka kuishusha."