Halwa ilivyowafungua mdomo wanafunzi wangu wa Muscat

Wakuu, habari za huko mliko. Hapa Muscat joto limeshaanza kutukumbuka. Nawasimulia jambo nililoliona kwa macho yangu, sijalitia chumvi.

Mimi ni Mtanzania, mwenyeji wa Morogoro, nafundisha English shule moja ya private huku Ghubra.

Darasani nina watoto wengi wa Kiomani ambao bibi zao walikulia Zanzibar. Kiswahili wanakisikia nyumbani kila siku na wanakielewa. Ila ukiwasemesha, wanakujibu Kiarabu.

Mmoja wao ni Nasra, wa darasa la sita. Siku moja bibi yake, Bi Zuwena, alinisimamisha getini.

"Mwalimu, mie nnasema na mtoto huyu tangu yu mchanga. Hajanijibu Kiswahili hata siku moja. Nikifa, nani atanielezea kwa wanawe?"



Nikamfuata mudira, ndivyo tunavyomwita mkuu wetu wa shule. Nikamwomba tushirikiane na skuli moja ya Unguja, watoto waongee kwa video kila wiki. Wao wapate Kiarabu cha kuzungumza, wetu wapate Kiswahili.

Akakubali kwa sharti: mwisho wa muhula wazazi waje wasikie. Watoto wakinyamaza, project imekufa.

Mwanzo ulikuwa aibu tupu. Niliwaandalia maswali mazuri, unaitwa nani, unapenda nini. Wakataja majina, wakatazama meza. Wiki zikapita hivyo hivyo. Nikaanza kutafuta namna ya kumwambia mudira tumeshindwa.

Halafu siku moja, binti mmoja wa Unguja, Mwanaidi, akajisemea tu kwamba halwa ya Oman haifui dafu kwa halua ya Zanzibar.

Nasra akaruka kitini.

"Muongo! Umeila wapi wewe? Yenu inanata kwenye meno!"

Darasa likalipuka! Kila mtoto anagombea mic. Ngeli zilivunjwa vibaya sana siku ile, na mimi nikaziacha makusudi. Mwalimu mwenzangu wa Unguja alikuwa anafuta machozi kwa kicheko.

Maswali yangu tukayatupa. Tangu hapo ikawa ni kubishana tu, wiki hii kwa Kiswahili, wiki ijayo kwa Kiarabu.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Nasra akasimama mbele ya skrini, akaganda. Mudira akanitazama.

"Vipi Nasra, umekubali kushindwa?" Mwanaidi akamchokoza kutoka Unguja.

Nyuma kabisa Bi Zuwena akapaza sauti: "Usimwachie, mwanangu! Mjibu!"

Nasra akageuka. "Nnamjibu, bibi! Ngoja kwanza!"

Ukumbi mzima ulicheka. Bi Zuwena akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Nasra akashusha hoja moja baada ya nyingine, hadi mudira asiyejua Kiswahili akapiga makofi. Project inaendelea.

Wakati wa kuondoka nikamsikia Bi Zuwena akimwambia mjukuu wake, "Lakini kusema kweli, halua ya Unguja ndiyo tamu."

Mtoto akaja juu! Wakaenda wanabishana kwa Kiswahili mpaka kwenye gari.

Nilichojifunza: mtoto mpe mtu wa kubishana naye, lugha itatoka yenyewe.

Haya, wenye watoto wanaoelewa ila hawajibu, nyie mmefanyaje? Na wa halwa pia karibuni, ila msitukanane.