Nilisema Nina Vidonda vya Tumbo, Sasa Dada Ananilisha Uji

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni mjane wa miaka sitini na nne, mzaliwa wa Mghange, kule mlimani Taita. Niliondoka nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaolewa mbali. Huko tulifukuzwa kwa sababu ya kabila, tukaanza upya kwingine, halafu kwingine tena. Karibu maisha yangu yote nimekuwa mtunza maktaba ya shule, kwa hiyo nimezoea kusoma jambo mpaka mwisho kabla ya kuuliza. Hili nimelisoma, na bado nauliza.

Miaka miwili iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Nilikuwa na kilo mia moja thelathini na moja, sukari, presha, na magoti yaliyokataa ngazi. Mfuko wangu wa chakula ulikatwa, ukaachwa mwembamba kama ndizi. Nilipungua kilo hamsini. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, binti wa lishe aliniambia: "Mama, anza na yai, samaki, kuku au maharagwe. Wanga uwe wa mwisho, vijiko viwili vitatu. Vitu vya sukari, hasa vya kunywa, uviogope." Nilifuata bila taabu, maana jiko lilikuwa langu peke yangu.

Mwaka huu nilirudi kwetu. Dada yangu mkubwa, nimwite Wakesho, ana miaka sabini na moja na anaishi Voi. Alinipa chumba bila kuuliza nitakaa mpaka lini. Tulipokuwa wadogo, mwaka wa ukame, alikuwa akisukuma kimanga chake upande wangu wa sahani, ule mseto wetu wa mihogo, viazi vitamu na maharagwe, akisema ameshiba. Hakuwa ameshiba. Aliacha shule ili mimi nisome. Mtu kama huyo ningemwambiaje kwamba nililala kwenye meza ya hospitali nikakatwa tumbo ili nisiweze kula?

Basi siku ya kwanza, aliponipakulia sahani ikajaa na mimi nikashindwa baada ya vijiko vinne, nilisema nina vidonda vya tumbo.

Mtu aliyezaliwa huku hakupaswa kukosea hivyo. Vidonda vya tumbo kila mtu anavijua, kila mtu ana tiba yake, na tiba zote ni laini. Dada alipiga makofi. "Kumbe! Na ulikuwa umenyamaza? Maharagwe wacha. Nyama wacha. Mayai yatakuchoma. Ni uji, viazi na ndizi, na usikae njaa hata saa moja."

Jirani yake akadakia kutoka mlangoni: "Na umtilie sukari, Mama, mwili urudi. Ona shingo, kama ya kuku wa Maungu wakati wa kiangazi!" Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuwashinda, kwa woga.

Tangu siku hiyo, nilichoruhusiwa na hospitali dada amekiondoa mezani, na nilichokatazwa ananiletea kwa upendo kwenye kikombe. Saa nne uji. Mchana viazi. Saa kumi uji tena. Anakaa mbele yangu, mikono magotini. "Kunywa, nione." Nikishamaliza, haipiti nusu saa moyo unakimbia, jasho linanitoka, natetemeka mpaka nalala chini. Naye ananipepea na leso akisema, "Umeona? Ni hivyo vidonda. Kesho nitaukoroga uwe mzito."

Nilianza kununua mayai ya kuchemsha stendi, nikila nyuma ya kibanda kama mwizi. Mtu akamwambia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mdogo wangu, umerudi ili ufie kwangu?" Kisha akaenda kulia jikoni.

Nimeongezeka kilo tisa. Sukari iliyokuwa imeshuka inapanda. Mtandaoni nimesoma wanaosema mtu wa upasuaji huu asiguse wanga maisha yake yote, na wengine wanaosema huko ni kupita kiasi. Nilimpigia simu yule binti wa lishe. "Hakuna aliyekukataza viazi, Mama," akasema. "Shida ni kwamba sasa huli kitu kingine. Ongea na anayekupikia." Kwake ni rahisi.

Jumapili ijayo tunapanda Mghange. Katika ukoo wetu, aliyekaa mbali akirudi, mkubwa wake humlisha tonge la kwanza la kimanga mbele ya watu, na hapo ndipo anahesabiwa amefika. Tonge hilo nimelingoja miaka arobaini na mitano. Tonge moja halitaniua. Lakini dada ameshapanga: "Chako nitakiponda peke yake, bila maharagwe, na viazi vitamu vingi. Ukimaliza tonge langu, kila binamu atakulisha lake." Walioahidi kuja ni kumi na mmoja. Siwezi kumkatalia mmoja nikampokea mwingine.

Nikisema ukweli, atajua kwamba tumbo ambalo yeye alishinda njaa ili lijae, mimi nililipeleka likakatwe. Hilo labda atanisamehe. Ninachoogopa zaidi ni yeye kujua kwamba miezi mitano hii, kwa mikono yake mwenyewe, amekuwa akiniumiza. Jana alinishika shavu akauliza, "Uji unakusaidia, sivyo? Umeanza kunenepa." Nikajibu, "Ndiyo, dada."

Nyinyi mliopasuliwa kama mimi, mnakulaje wanga katika nyumba ambayo si yenu? Na nyinyi mlio na dada, nishikeni mkono: kabla ya Jumapili, nianze na neno gani?