Mtani wa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi kijijini kwetu Zombo, mtu wa kupiga pasi suruali hata siku ya kwenda shamba la kijiji. Kwa hiyo nilipoanza kukuta damu kwenye nguo zake za ndani nilijua hatasema. Nilipomuuliza alijibu ni bawasiri tu, akaendelea kunywa mizizi yake. Miezi ikapita. Choo chake hakieleweki, leo kimefunga, kesho mbio, na mkanda ameutoboa matundu mawili mapya. Nikamwambia twende hospitali Kilosa. Akasema hawezi kumvulia suruali daktari wa umri wa mwanawe. Jamani, wanaume!

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nikaenda kwa mtani wake, mama mmoja jirani mwenye mdomo mkali kuliko pilipili, nikamweleza yote. Utani wa makabila yetu mnaujua: mtani akikusema, hata makaburini, aibu ni yako ukikasirika.

Kesho yake tulikuwa mstarini tunapalilia mahindi ya kijiji, mume wangu akachomoka tena kukimbilia kichakani. Aliporudi, yule mama akaegemea jembe lake.

"Balozi," alisema, "unatoka damu, na daktari unamwonea haya. Basi ufe upesi. Siku ya kukuzika nitalala kaburini mwako, na sitoki mpaka niwaambie watu kilichokuua ni suruali."

Mstari mzima tulicheka mpaka majembe yakatudondoka. Naye alicheka, maana angefanyaje? Jioni akapiga pasi suruali yake nzuri, na alfajiri tukashika njia ya Kilosa.

Daktari alimpapasa, akampa barua ya kwenda hospitali Dar es Salaam, naye akaenda kwa treni. Huko wakakuta uvimbe kwenye utumbo mpana. Ni saratani, walisema, ila haijaenda mbali, wakaukata. Nilimkasirikia kwa ile miezi ya mizizi, na nilifurahi hadi nikacheza peke yangu jikoni. Alirudi amekonda, anakula kama viwavi jeshi.

Miaka mingi baadaye akatangulia yule mama. Makaburini mume wangu, mzee sasa, alisogea ukingoni, nasi tukangoja utani wake.

"Umekosea kaburi, mtani," alisema. "Uliahidi kulala kwenye langu."

Watu wakaangua kicheko. Yeye alitaka kuendelea, akashindwa, nikaenda kumshika mkono.