Mzee wa Vitabu vya Besiboli

Mzee anayeuza vitabu vikuukuu pale mtaa wa Kensington hafungui kitabu kabla ya kukifuta kwa kiganja, na kidole chake kimoja, kilichopindwa na mpira wa besiboli zamani, hubaki kimejitenga. Mselem alimwomba kitabu bora kabisa cha besiboli, akamweleza sababu: bintiye Nasra anacheza, na nyumbani baba na mwana hawakuwa na la kuzungumza. Akashika kilicho kinene kuliko vyote, tayari kubishania bei.

"Hicho cha kupamba meza, Baba," mzee akasema, akimpa chembamba chenye picha. "Soma hiki. Ukikwama, usirudi kwangu, muulize mtoto."

Mselem akakilipia kile chembamba bila kubishania bei. Humshukuru mzee yule kila Jumamosi uwanjani, Nasra anapomjia na glavu kwapani: "Haya Baba, leo umekwama wapi?"