Tangazo Nililosoma Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kwenye redio nilipiga chafya hewani. Hakuna aliyeniambia kwamba taa nyekundu ya juu ya mlango ikiwaka, mikro inasikia kila kitu, hata usichotaka kisikike. Nilipofika nyumbani jioni, nusu ya Manika, mtaa wetu, ilikuwa imekwisha kumpa mama yangu pole, na jirani mmoja alikuwa ameniletea majani ya mkaratusi ya kujifukiza. Kwa hiyo watu wa Kolwezi walijua pua yangu kabla ya kujua mdomo wangu. Mdomo waliujua baadaye, na wengine walijuta.

Nawaandikia nyinyi vijana wa redio za leo, mnaobeba studio nzima ndani ya simu. Kituo chetu zamani za Zaire kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu. Chumba cha kwanza kilikuwa ofisi ya Chef, yaani mkuu wa kituo. Cha pili kilikuwa studio, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Cha tatu kiliitwa rejii, yaani chumba cha fundi, ambaye alituona kupitia kioo na kushika vifungo vyote. Fundi wetu alikuwa Tata Ilunga, mtu mpole aliyezoea kuongea kwa vidole. Kidole kimoja juu: jiandae. Kiganja chini: punguza mwendo. Mkono kupita shingoni: nyamaza, nimekata.

Ni yeye aliyenifundisha kazi. Sauti zote zilikaa kwenye bandi, utepe mwembamba wa kahawia unaozunguka kwenye magurudumu mawili. Mtu akikohoa katikati ya maneno yake, Tata Ilunga alikitafuta kile kikohozi kwa sikio, akakikata kwa wembe wa kunyolea ndevu, akaunganisha ncha mbili kwa skochi, karatasi ya gundi. Ukisikiliza, hujui kama palikuwa na jeraha. Alinionya pia kwamba wembe huohuo unaweza kumfanya mtu aseme asichosema, na kwamba yeye hatafanya hivyo hata akiamriwa na nani.

Nyumbani niliitwa Béatrice. Kazini niliitwa Citoyenne Ngoie, yaani Mwananchi Ngoie, maana miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamewekwa kabatini kwa amri ya serikali, wanaume wamevaa abakosti, lile koti la serikali lisilo na tai, na sisi wanawake liputa, yaani kitenge, hadi kwenye kisigino. Kila kilichosemwa hewani kiliandikwa kwanza kwenye kondukta. Hiyo ilikuwa karatasi inayopanga emisyo yote, yaani kipindi kizima, dakika kwa dakika, na Chef alitia sahihi kila ukurasa. Kisichokuwa na sahihi yake hakisemwi. Mimi niliyezaliwa na mdomo wa mbele nilikaa miaka ya kwanza nikisoma tu nilichopewa, kama mtoto wa katekisimu.

Emisyo iliyosikilizwa kuliko zote haikuwa habari wala muziki. Ilikuwa matangazo ya misiba, saa sita mchana. Familia ilileta karatasi, nami nikasoma jina la marehemu, kisha ndugu wote wanaopaswa kuja: walio Likasi, walio Kamina, walio Mutshatsha, bila kumruka mjomba hata mmoja, maana mjomba aliyerukwa hakuja. Wanawake waliinua vifuniko vya sufuria ili visigonge. Na karibu kila tangazo lilikuwa na maneno haya: amefariki baada ya ugonjwa mfupi.

Maneno hayo yanaonekana hayana madhara. Lakini mnajua kwetu hakuna mtu anayekufa bure. Mtu akiugua mwaka mzima, watu wamemwona akikonda, wameleta uji, wamesali. Ugonjwa mfupi ni jambo lingine. Watu wanauliza nani alimpikia, na jibu la swali hilo kwa mwanamume mwenye ndoa linajulikana.

Siku moja aliletwa kwenye matangazo Tata Kabeya, mfanyakazi wa kontrata, mkandarasi mmoja mdogo aliyechimba madini pembeni mwa mji. Karatasi ilikuwa imeandikwa na mke wake, Mama Mbuyi. Wote wawili walikuwa watu wa asili ya Kasai waliozaliwa hapahapa kama wazazi wao. Aliandika wazi kwamba udongo ulimwangukia mume wake kazini. Kabla ya saa sita mjumbe wa kontrata alifika ofisini kwa Chef na kuongea naye mlango umefungwa. Alipoondoka, kondukta ilinijia na mstari umepigwa juu ya neno udongo. Juu yake, kwa kalamu ya Chef: ugonjwa mfupi.

Nilisoma. Sitajipaka mafuta. Niliona ule mstari, nikaelewa, nikasoma kwa sauti yangu nzuri ya misiba.

Wakwe wa Mama Mbuyi walikuwa Mutshatsha, na habari yote waliyokuwa nayo ilitoka kwenye redio. Walipanda treni wakiwa na ugonjwa mfupi vichwani. Walipofika matangani usiku uleule walikuta jeneza limepigwa misumari, kwa sababu udongo ulikuwa umemharibu marehemu, na wenzake wa kazini walioona wote wameinamisha macho, wakiogopa kufukuzwa. Wakwe wakajumlisha wenyewe. Walimwondoa mjane kwenye mkeka, wakamkalisha nje karibu na jiko, wakamwambia mtu aliyemlisha mume wake sumu hatamzika. Kesho yake marehemu angezikwa alasiri, na watoto watatu wangepanda treni kwenda Mutshatsha. Mama yao asingewaona tena.

Haya nilisimuliwa na Mama Mbuyi mwenyewe. Asubuhi ya siku ya maziko nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya kituo, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, miguu ina vumbi jekundu hadi magotini. Nilidhani atanitukana, na ningestahili. Alisimama, akanisalimia kwa heshima.

“Mama, sikuye kukugombeza,” alisema. “Bakwe bangu banaamini redio tu. Ile sauti yenye ilisema bugonjwa, irudilie, iseme udongo. Bale batoto ni bangu.”

Nilimwomba arudi nyumbani asiwaache watoto peke yao. Aliondoka bila kugeuka, nami nikabaki nimeshika komeo la mlango, nikiona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani.

Nilikwenda kwa Chef. Nilimwambia kwamba tumefanya mtu kuwa mchawi kwa kalamu yake na kwa mdomo wangu. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwoga, na nilikuwa nimemdharau muda mrefu. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya abakosti.

“Citoyenne Ngoie, miye niko na batoto saba,” alisema. “Siwezi kuweka sahihi ku karatasi ingine.” Akatazama dirishani. “Saa sita nitaenda kuangalia groupe. Iko nafanya makelele. Nitakawia.”

Groupe ni ile mashine ya mafuta iliyotupatia umeme ule wa mji ulipokatika, na siku hiyo umeme wa mji ulikuwepo. Groupe ilikuwa imelala kimya nyuma ya nyumba. Lakini mimi kwa hasira yangu sikuelewa chochote. Nilitoka nikijiambia mtu huyu ananikimbia.

Saa sita ilipigwa indikatif, ule muziki mfupi wa kufungulia emisyo. Kiti cha Chef katika rejii, ambacho hakikuwahi kuwa kitupu saa hiyo, kilikuwa kitupu. Tata Ilunga aliinua kidole. Nilisoma misiba yote iliyokuwa na sahihi. Kisha nikaigeuza kondukta kifudifudi juu ya meza, nikamtazama Tata Ilunga kupitia kioo. Alijua kwamba hakuna kilichobaki cha kusoma. Mkono wake ulikuwa juu ya kifungo cha kukata. Aliuondoa, akaukunja na mwenzake kifuani.

Nikasema: “Tunarudia tangazo la jana. Tata Kabeya hakufa kwa ugonjwa. Udongo ulimwangukia akiwa kazini. Mke wake, Mama Mbuyi, hana kosa lolote. Aliyekosa ni mimi niliyesoma, na mjane huyo namwomba msamaha, pamoja na familia yote ya Mutshatsha.”

Mkono wa Tata Ilunga ukapita shingoni, polepole. Alikuwa analia.

Kwenye matanga, redio ilikuwa imewekwa dirishani. Mama Mbuyi aliniambia kwamba baada ya sauti yangu mmoja wa waliofanya kazi na marehemu, aliyekuwa amekaa nyuma, alianza kueleza jinsi walivyomfukua kwa mikono. Mama mkwe, kikongwe aliyekuwa ameongoza wale wa kumlaani, aliinuka kwa taabu, akaukokota mkeka wake mwenyewe hadi jikoni, akautandika, akaketi kando ya mkwe wake. Walikwenda kuzika wakiwa wameshikana mikono, na treni ilipoondoka watoto walibaki Kolwezi.

Chef alirudi kutoka kwenye groupe mikono mikavu, bila tone la mafuta. Alikuwa amekwisha kupigiwa simu na wakubwa. Aliandika adhabu yangu mbele yangu: naondolewa kwenye mikro, nahamishiwa Mutshatsha kama korespondanti, mtu wa kutuma habari za huko. Alinipa barua, nikaipokea kwa dharau. Ndipo akaniuliza kama nina blanketi nzito, kwa sababu mwezi wa sita Mutshatsha kuna baridi, na kesho yake akaniletea ya mke wake. Nilikuwa kwenye treni, blanketi magotini, nilipokumbuka kwamba groupe haikuwa ikilia. Nilimpenda mzee yule kuanzia pale, na sikupata nafasi ya kumwambia, maana naye hakuepuka: mwaka uliofuata walimstaafisha.

Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, lakini kichwa changu kilinufaika na Mutshatsha. Nani alinipokea gare, kwenye stesheni ya treni? Yule mama mkwe. Alinipa chumba, akanilisha muhogo na samaki wadogo, na kila jioni aliniomba nimsimulie Mama Mbuyi anaendeleaje, kama nilivyosikia kwa wasafiri wa treni. Habari zangu zilikuwa treni iliyochelewa, mkaa ulionyeshewa mvua, mahindi yaliyoliwa na nguruwe. Lakini nilijifunza kuketi na mtu na kumwacha amalize, jambo ambalo studio haikunifundisha.

Chama kilichotawala peke yake kilipolegeza mkono na watu wakaanza kusema waziwazi, Chef mpya aliniita nirudi. Nikapewa emisyo yangu, Kiti cha Tatu. Studioni tuliweka viti vitatu: changu, cha mgeni mwenye cheo, na cha tatu cha yeyote aliyetangulia kufika kwenye veranda. Simu zilikuwa za wakubwa. Watu wangu walikuja kwa miguu. Aliyekalia kiti cha tatu siku ya kwanza alikuwa Mama Mbuyi, naye aliongea kuhusu wajane na mali za nyumbani hadi hakimu aliyekuwa kiti cha pili akasahau majibu aliyoyaandika.

Nilisema mengi katika miaka ile. Nilisema mke si godoro la kurithiwa. Nilisema mtu wa chama kingine si nyoka. Nilibishana na mapadre na wachungaji, nikaitwa Mama Mdomo sokoni, na nilifurahia jina hilo zaidi ya Citoyenne. Na siku ambazo jirani zetu wa asili ya Kasai waliambiwa waondoke mkoani warudi Kasai, nilisema hewani kwamba hao ni watu wa hapa, makaburi ya baba zao yako hapa. Sauti yangu haikuzuia chochote. Nilimsindikiza Mama Mbuyi gare, watu wamelala kwenye mabehewa ya wazi na mabunda yao, na yeye ndiye aliyenibembeleza mimi. Mzee anapaswa kuwaambia vijana ukweli: kuna siku redio inatosha kuokoa nyumba moja, na kuna siku haitoshi.

Nilistaafu bila sherehe. Fundi alizima taa nyekundu, nikachukua mfuko wangu. Mkiniuliza nilichojifunza, nitawaambia maji yakimwagika hayazoleki, na maneno ya hewani ni hivyo hivyo. Wembe wa Tata Ilunga ulifanya kazi kwenye bandi tu. Kwa hiyo kabla ya kusoma karatasi, ulizeni nani atakalishwa jikoni kwa sababu yake. Na mkikosea, rudini kwenye mikro ileile, saa ileile, mseme mimi ndiye.

Mama Mbuyi alirudi baada ya miaka mingi, akakaa Manika kwa mwanawe wa kwanza. Tulizeeka pamoja, nyumba kwa nyumba, tukigombana kuhusu chumvi. Asubuhi moja binti yake alikuja kwangu na karatasi ya kupeleka redioni. Majina ya ndugu yote yalikuwepo, wa Mbuji-Mayi, wa Likasi, na wajukuu wa yule mama mkwe wa Mutshatsha. Mahali pa kuandika kilichomuua palikuwa peupe.

“Alilala siku mbili tu, homa,” binti alisema. “Alisema ile neno uandike weye, na usome weye.”

Vijana wa kituo walinipokea vizuri, wakaniletea kiti chenye mto. Sikuandika kitu, neno lenyewe nilikuwa nalijua. Taa nyekundu ikawaka. Nilisoma jina lake lote, nikamtaja kila ndugu bila kumruka mmoja. Kisha nikasoma kwamba amefariki baada ya ugonjwa mfupi, na safari hii ilikuwa kweli.