Kuitikia Ziwa kwa Mikono

Nilipokuwa mtoto, kwetu Rugenge mjini Uvira, kila mtu alijua kwamba ziwa lina tabia ya kuita watu kwa majina. Ukisikia jina lako linatoka upande wa maji na humwoni anayekuita, nyamaza, kwa sababu ukiitika umekwenda. Watoto wengine waliambiwa hivyo, wakaogopa siku mbili tatu, wakasahau. Mimi niliitwa kila siku.

Kengele ya shule ikigongwa, au mvua ikianguka ghafla juu ya mabati, kitu kilinipanda kutoka tumboni hadi masikioni, nami nikapiga kelele na kujing'ata mkono. Wala haikuwa hofu tu. Furaha ndiyo ilikuwa balaa zaidi, maana nilikuwa mtoto wa kufurahi kupita kiasi. Mwaka niliposhonewa gauni la Noeli, mtaa mzima ulijua kabla sijalivaa.

Mama Jolie, jirani yetu aliyeongoza wanawake wa kuvuta wavu asubuhi, alikuwa na maelezo yake. "Huyu mutoto iko anaitika ziwa," alimwambia mama. "Njo maana samaki inakimbia." Ni kweli kwamba asubuhi ile wavu ulikuwa umetoka mtupu, na ni kweli kwamba siku hiyo nilikuwa nimelia ufukweni. Akamshauri anipeleke Luvungi, kwenye chumba cha maombi ambako watoto kama mimi walifungiwa na kulazwa njaa mpaka roho mbaya iwatoke. Mama alikuwa amechoka na maneno ya watu. Akakubali, tuondoke Jumapili. Waliyapanga hayo mbele yangu, wakidhani kwamba kwa kuwa sikuwaangalia usoni, sikuwasikia pia. Niliogopa hadi chakula kikanishinda.

Koko, yaani bibi yangu mzaa mama, hakugombana na mtu. Naye aliamini kabisa kwamba ziwa linaniita, ila hakuona ajabu katika kuitwa.

"Ikikuita, usiitike na kinywa, Sifa," aliniambia. "Itika na mikono."

Akanipa kitenge chake kilicholowa maji, nikikamue kwa nguvu zote. Nilipomaliza akanipa mchi, nikatwanga sombe, majani ya muhogo. Wiki nzima kazi ikawa hiyo: nikisikia kitu kinaanza kupanda, natafuta kitu kizito cha kushika. Mara nyingine nilifaulu. Mara nyingine nilitupa mchi na kupiga kelele hadi mbuzi wa jirani wakakata kamba. Koko alikaa kando akachambua majani yake, na nilipotulia akanirudishia mchi.

Jumamosi asubuhi tukateremka naye ufukweni. Wavu ulikuwa umeshatupwa mbali, na watu walikuwa wameshika kamba katika mistari miwili, wakiuvuta kwa wimbo na kupiga miguu mchangani. Lo, uzuri wa asubuhi ile. Maji yalimeta, kina mama waligonga mabeseni, na wavu ulipokaribia tukaona ndagala, dagaa wa kwetu, wanaruka ndani yake, weupe, wengi mno. Nilifurahi kupita kiasi, na kitu kile kikapanda tumboni, kifuani, shingoni, kwa kasi ambayo sijapata kuijua. Nilijua kikifika masikioni nimekwisha, na kesho ni Luvungi.

Hapakuwa na kitenge wala mchi. Palikuwa na kamba.

Niliikimbilia. Mama Jolie akaniona. "Weye, usiguse! Utatufukuzia samaki."

"Muache," alisema Koko.

Nikaishika, nikavuta. Ilikuwa nzito, imelowa, inakwaruza viganja, na ndivyo hasa nilivyotaka. Nilikita visigino mchangani, na kelele yote iliyokuwa shingoni nikaisikia inateremka mabegani, inaingia mikononi, inaishia kwenye kamba. Kinywa changu kilikuwa wazi, lakini kilichotoka ni wimbo. Niliimba vibaya sana. Wavu ukatua umejaa, na nikapewa sahani yangu ya ndagala kama mvutaji yeyote.

Jumapili hakuna aliyetaja Luvungi. Jumatatu Mama Jolie mwenyewe alibisha hodi, akaomba aazimwe mtoto. Kumbe nimekuwa baraka! Nilivimba kichwa, nikavuta kila asubuhi kabla ya shule, wanawake wakagombania kusimama karibu nami. Mpaka siku wavu ulipotoka na majani na kiatu kimoja. Watu wakaachia kamba. Wote wakanigeukia, nami nikaona mama anatazama chini, nikajua safari ya Luvungi imerudi.

Koko alitema mate mchangani. "Samaki ni ya ziwa," alisema. "Ikileta, asante. Ikikatala, muiulize yenyewe. Huyu mutoto ni wangu, na kesho atavuta, kwa sababu anapenda kuvuta."

Kesho yake nilivuta. Mama alikuja akasimama nyuma yangu, akashika kamba ileile, na habari ya Luvungi ikafia hapo.

Nimeshakuwa mtu mzima. Daktari mmoja wa Bukavu alinipa jina la Kifaransa la hali yangu, autisme, yaani usonji, na nilifurahi hadi ikabidi nishike meza yake kwa mikono miwili. Sokoni bado naitwa. Siku nyingine bado naitika vibaya, nafika nyumbani nimelia. Kama Koko aliamini kweli mambo ya ziwa, au aliyatumia tu kwa sababu ndiyo lugha iliyokuwepo, sikuwahi kumuuliza, naye ameshatangulia.

Ninachokumbuka ni jioni ya siku ile ya kwanza ya kamba, tukikaanga ndagala wangu juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Kila mtu katika utoto wangu alitaka kujua kelele zangu zitaisha lini. Koko aligeuza samaki, akaniuliza: "Na leo, ilikuita namna gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza, tangu tumboni, mpaka makaa yakazimika.